Bustani za Disney na Kamba Yetu ya Langoni

Somo la anthropolojia ya utamaduni tulilifaulu vizuri. Tunaanza na jambo hilo si kwa kujisifu, bali kwa sababu ndilo linalotuuma. Katika mtihani wa mwisho wa muhula tuliulizwa swali kuhusu bustani za burudani za kampuni ya Disney: kwa nini kitu kilichopendwa sana Marekani kilipokelewa kwa namna tofauti Japani, Ufaransa na China? Sisi watatu tunaoandika makala hii tulijaza kurasa nyingi, tukapata alama za juu. Miezi minane baadaye, tukiwa katika mwaka wa kichungaji kwenye parokia moja ya vijijini, tulifanya makosa yaleyale tuliyoyaeleza kwenye karatasi ya mtihani, tena mbele ya watu waliotuita "mafrateri wetu".

Kwa msomaji asiyezifahamu bustani hizo, tueleze kidogo. Ya kwanza ilifunguliwa tarehe 17 Julai 1955 huko Anaheim, California. Si uwanja wa bembea tu. Ni kama mji mdogo uliojengwa kwa hadithi. Ukipita lango unaingia barabara iitwayo Main Street, yenye maduka ya mtindo wa miji midogo ya Marekani ya miaka ya mwanzo ya karne ya 20, kwa kumbukumbu ya utoto wa Walt Disney katika mji wa Marceline, Missouri. Mbele yako kuna kasri, na kutoka hapo njia zinatawanyika kwenda sehemu mbalimbali: nchi ya wachunga ng'ombe wa magharibi ya Marekani, nchi ya hadithi za watoto, nchi ya kesho. Kila kitu, kuanzia rangi ya ukuta hadi mahali pa kusimama foleni, kimepangwa ili mgeni ajisikie yumo ndani ya hadithi.

Tatizo ni kwamba hadithi humgusa zaidi mtu mwenye kumbukumbu nayo. Babu wa Kimarekani akipita Main Street anauona mji wa utoto wake. Babu wa Kijapani au wa Kifaransa anaona nini? Hilo ndilo swali walilokutana nalo wabunifu wa Disney walipoanza kujenga nje ya nchi yao.

Darasani tulicheka zaidi tulipofika Ufaransa. Bustani hiyo ilifunguliwa tarehe 12 Aprili 1992 huko Marne-la-Vallée, mashariki mwa Paris, kwa jina la Euro Disney. Wabunifu wake hawakuwa wavivu hata kidogo. Walijua kwamba Ulaya ina makasri ya kweli, na kwamba Mfaransa hatashangazwa na nakala ya kile anachoweza kukiona kwa macho yake akipanda treni. Kwa hiyo wakajenga kasri la rangi ya waridi lenye minara myembamba ya ndotoni, wakichota mawazo kwenye kilima cha Mont-Saint-Michel na kwenye michoro ya kitabu cha sala cha karne ya 15, Très Riches Heures du Duc de Berry. Chini ya kasri wakaweka pango lenye joka. Nchi ya kesho wakaigeuza kuwa Discoveryland, ambako kesho inaonekana kama ilivyoota na watu wa jana, hasa Jules Verne, mwandishi Mfaransa. Na kwa kuwa majira ya baridi ya huko ni makali, pembeni mwa Main Street wakajenga njia zenye paa. Kwa macho, ilikuwa kazi ya kupongezwa.

Lakini mgeni haji na macho peke yake. Huja na tumbo, na saa zake za kula, na desturi za nyumbani kwake. Ndani ya bustani ile mvinyo ulikatazwa, kwa sababu Marekani bustani ya familia ni mahali pasipo kilevi. Kwa Mfaransa, glasi ya mvinyo ni sehemu ya chakula cha familia, na mtu mzima hazuiwi kula kama anavyokula kwake. Walidhani Wazungu wa Ulaya hawajali kifungua kinywa, wakaandaa kumbi ndogo hotelini. Wageni wakajipanga foleni asubuhi wakitaka mayai na nyama. Walizoea Wamarekani wanaokula huku wakitembea, saa yoyote. Wakapata watu wanaotaka kukaa mezani, tena wote kwa saa ileile ya mchana. Wafanyakazi walipewa masharti ya kutofuga ndevu, nao wakalalamika kwamba wanaingiliwa maisha yao. Hoteli zilijengwa kwa watu watakaolala siku kadhaa. Wengi wakaja asubuhi na kurudi Paris jioni. Hata kabla ya kufunguliwa, Ariane Mnouchkine, mwongozaji maarufu wa tamthilia, alikuwa ameifananisha bustani hiyo na ajali ya Chernobyl, safari hii ikilipukia utamaduni.

Haki isemwe: si utamaduni peke yake uliowaangusha. Kulikuwa na mzigo wa madeni, riba kubwa na uchumi wa Ulaya uliodorora. Hata hivyo, hasara ya mwaka wa hesabu ulioishia Septemba 1993 ilifika zaidi ya faranga bilioni 5, na ndani yake yalikuwemo makosa ya meza ya chakula. Mwaka huohuo wa 1993 mvinyo uliruhusiwa. Mwaka 1994 jina likabadilishwa kuwa Disneyland Paris. Mwaka 1995 ikafunguliwa Space Mountain, safari ya gizani iliyobuniwa kwa kufuata hadithi ya Verne ya kwenda mwezini, na mwaka huo bustani ikapata faida kwa mara ya kwanza.

Katika mtihani tuliandika kwamba wabunifu wale walipamba vizuri, ila hawakukaa kwanza mezani na wenyeji. Mwalimu alipiga mstari mwekundu chini ya sentensi hiyo na kuandika "safi".

Sasa tuje kwenye aibu yetu. Parokia tuliyopelekwa ilikuwa na darasa la chekechea ambalo kuta zake zilikuwa tayari, lakini halikuwa na paa. Watoto walisoma chini ya mwembe, na mvua ikinyesha walirudishwa nyumbani. Yalihitajika mabati 40. Baba Paroko akatukabidhi sisi kazi ya kuandaa Siku ya Watoto mwezi Juni, ili fedha zitakazopatikana zianze kununua mabati. Mmoja wetu alikuwa amewahi kuona uwanja wa michezo ya watoto mjini, na picha za bustani za Disney zilikuwa bado mbichi vichwani mwetu. Tukapanga kwa bidii, sisi watatu, chumbani kwetu, usiku.

Tulisema tutafanya kitu kinachofaa mazingira ya pale. Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma alikuwa tayari kutukodisha bembea ya kuzunguka, na habari hiyo ilikwisha kutangazwa kanisani. Tukaikataa dakika za mwisho. Tulisema hayo ni mambo ya mjini, watoto hawa wanahitaji vitu vya kwao. Badala yake tukajenga lango la nyasi na fito, tukalitundikia ngoma mbili na ngao ya karatasi ngumu. Uwanja tukauzungushia kamba. Ndani ya kamba watoto wenye tiketi ya shilingi 500, nje ya kamba wazazi. Tulipika wali na maharage wa kuuza, na kwa kuwa mauzo ndiyo yangenunua mabati, tukaweka sheria kwamba chakula kutoka nje hakiingii.

Saa tatu asubuhi watu walianza kufika. Wa kwanza walikuwa wasichana wa miaka tisa, kumi, kila mmoja na mdogo wake mgongoni. Sheria yetu ilisema tiketi moja mtoto mmoja. Yule wa mgongoni naye ni mtoto, na tiketi ya pili haikuwepo, basi msichana akabaki nje ya kamba akiwatazama wenzake. Mama zao walisimama juani kwa sababu hatukuwa tumefikiria pa kukaa mtu mzima.

Kisha akaja bibi mmoja na wajukuu watatu anaowalea peke yake. Kichwani alibeba beseni la viazi vitamu vilivyochemshwa, limefunikwa kwa kanga. Mmoja wetu alikuwa langoni. Hatutamtaja, maana sheria tuliiweka sote. Akamwambia kwa adabu zote, "Shikamoo, Bibi. Samahani, chakula kutoka nje hakiruhusiwi, ila ndani kuna wali." Bibi akaitikia marahaba. Akalitua beseni, akalitazama lango letu la nyasi kutoka juu mpaka chini, akajitwika tena beseni lake, akaondoka na wajukuu. Kina mama waliokuwa nyuma yake waliona. Nao walikuwa na vyungu vyao na chupa zao za uji. Mmoja baada ya mwingine wakageuka.

Ilipofika saa nane mchana uwanja ulikuwa karibu mtupu, na nusu ya wali wetu ilibaki kwenye sufuria. Tulipata fedha za mabati tisa.

Jioni ile katekista alikuja kutusaidia kukunja turubai. Hakutulaumu. Alisema tu, "Lango lenu lilikuwa zuri, mafrateri. Lakini huku kwetu mtu haendi kwenye shughuli mikono mitupu. Yule bibi hakuwa anakwepa kununua wali wenu. Alikuwa amekuja kuchangia."

Maneno hayo yalitunyima usingizi. Tulikuwa tumeona beseni la viazi kama hasara ya mauzo, kumbe lilikuwa mchango wa kwanza wa siku ile, nasi tulikuwa tumeurudisha nyumbani.

Usiku tukafungua tena daftari la anthropolojia, na safari hii hatukucheka. Tulisoma habari za Hong Kong, bustani iliyofunguliwa tarehe 12 Septemba 2005. Baada ya yale ya Paris, Disney walikuwa waangalifu kweli. Waliita wataalamu wa feng shui, elimu ya Kichina ya kupanga majengo kwa kufuata upepo na maji. Lango kuu likageuzwa nyuzi 12. Njia ya kutoka stesheni ya treni ikapewa kona, ili nguvu njema isitiririke moja kwa moja na kupotelea baharini. Hotelini hakuna ghorofa ya nne, kwa sababu neno la nne kwa Kichina linasikika kama neno la kifo. Siku yenyewe ya kufungua ilichaguliwa kwa kuwa ni ya heri.

Halafu ikaja Sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina, mapema 2006. Bustani ilikuwa imeuza tiketi zisizo na tarehe maalumu, na haikukadiria vizuri urefu wa likizo ya watu wa China bara. Familia zilizosafiri kutoka mbali, zikiwa na tiketi halali mkononi, zilikuta lango limefungwa kwa sababu ndani kumejaa. Baadhi ya wazazi waliwapitisha watoto juu ya uzio. Lango lilikuwa limegeuzwa kwa heshima ya utamaduni wa wenyeji, na katika sikukuu kubwa kuliko zote za utamaduni huohuo likafungwa mbele ya wenyeji wenyewe.

Tulisoma ukurasa huo tukaliona lango letu la nyasi, na ngoma zake mbili.

Hong Kong walijifunza. Mwaka 2013 walifungua Mystic Manor, nyumba ya maajabu ambayo katika bustani nyingine za Disney ingekuwa nyumba ya mizimu. Waliwaondoa mizimu kabisa, wakaweka hadithi ya msafiri mkusanyaji wa vitu vya kale na nyani wake, kwa sababu kwa Wachina wengi wafu ni wazee wa ukoo wanaoheshimiwa, si kitu cha kutania. Sisi tunaotumia Kiswahili tunapaswa kulielewa jambo hilo haraka. Neno letu mzimu ndilo lilelile linalotumika kwa roho ya babu aliyetutangulia.

Siku ya tatu tukaenda kwa yule bibi kuomba radhi. Alikuwa anapepeta mahindi. Akatukaribisha kwa utani wa bibi na wajukuu: "Karibuni waume zangu, mlionikimbia mkaenda seminari." Tukakaa kwenye kigoda na gogo, tukasema tulichokuja kusema. Akasikiliza, akasema viazi havikuharibika, walikula wenyewe wakashiba. Kisha akauliza, "Lakini ile bembea ya kuzunguka iliyotangazwa kanisani iliishia wapi? Huyu mkubwa hakulala usiku kwa kuingojea."

Tukamweleza kwamba tuliona ngoma zinafaa zaidi kwa watoto wa pale. Bibi akacheka mpaka akaweka ungo chini. "Ngoma tunazo. Hata sasa hivi nikiamka nakupigia. Watoto walitaka kuona kitu cha kwenu."

Jibu hilo pia lilikuwemo kwenye daftari letu. Tokyo Disneyland ilifunguliwa tarehe 15 Aprili 1983 huko Urayasu, karibu na Tokyo. Ilikuwa ya kwanza nje ya Marekani, na wenye mali ni kampuni ya Kijapani, Oriental Land Company, inayoilipa Disney kwa kutumia jina na hadithi zake. Wajapani hawakutaka bustani iliyogeuzwa ya Kijapani. Walitaka ile ya Marekani, nzima. Walichokibadili kilikuwa mahali ambapo picha haionyeshi mara moja. Main Street ikawa World Bazaar, yenye paa la kioo, kwa sababu ya mvua. Nchi ya mpaka wa magharibi ikaitwa Westernland, kwa kuwa neno la Kimarekani la mpaka halikuwa na historia kwao. Maduka yakapewa nafasi kubwa, kwani Mjapani akisafiri huwarudishia zawadi jamaa na wafanyakazi wenzake. Nje ya lango pakatengwa mahali pa kukaa na kula chakula ulichobeba kutoka nyumbani. Kitu kilibaki cha kigeni, ila namna ya kumpokea mgeni ikawa ya Kijapani. Sisi tulikuwa tumefanya kinyume chake: tulikifanya kitu kionekane cha wenyeji, na mapokezi tukayaleta kutoka kwingine.

Na tusidhani kwamba ukishajifunza mara moja yamekwisha. Bustani ya Shanghai, iliyofunguliwa tarehe 16 Juni 2016, ndiyo iliyofikiriwa kwa kina zaidi. Main Street haipo kabisa. Kuna bustani ya wanyama kumi na wawili wa kalenda ya Kichina, kila mmoja akichorwa kwa sura ya mhusika wa Disney. Kwa kuwa sera ya mtoto mmoja ilifanya mtoto aje na wazazi na pengine mababu na mabibi wote, palitengwa nafasi pana za wazee kutembea, kukaa na kutazama. Pamoja na hayo yote, mwaka 2019 mwanafunzi mmoja wa sheria aliishtaki bustani hiyo kwa kumkataza kuingia na chakula chake. Kesi ikaisha kwa maelewano, na sharti likalegezwa: wageni wakaruhusiwa kubeba chakula chao cha kula wenyewe. Kumbe tuliyemzuia sisi alikuwa na mwenzake hata Shanghai.

Mwezi Desemba tuliomba kufanya tena Siku ya Watoto. Safari hii hatukupanga chumbani. Tulikaa chini ya mwembe na kina mama wa WAWATA, katekista na yule bibi, na kazi yetu ilikuwa kuuliza na kuandika. Watu huanza kufika saa ngapi kwa kweli? Baada ya mifugo kunyweshwa, saa nne na nusu. Nani atawashika watoto wachanga? Kina mama wakapanga zamu, kwenye mikeka, ili wasichana wacheze. Tiketi je? Ziondoke. Kila familia itoe ilicho nacho: mwingine fedha, mwingine debe la mahindi au kuku, navyo vitanadiwa mchana. Chakula je? Kila mtu alete chake, kiwekwe pamoja, kiliwe pamoja. Bembea ya kuzunguka? Iletwe, hilo halina mjadala.

Fundi akaileta, na ilizunguka tangu asubuhi hadi jua linazama. Mjukuu mkubwa wa bibi alipanda mara saba, tulihesabu. Ile kamba ya mwezi Juni tuliitumia kufungia turubai la kivuli kwa ajili ya wazee. Langoni hatukujenga chochote. Bibi alifika miongoni mwa wa kwanza, akatua beseni lake mbele yetu, akatuamuru tule kiazi kimoja kimoja kabla ya kugusa kazi yoyote. Tukala.

Siku ile yalipatikana mabati 22. Pamoja na yale tisa yakawa 31, na tisa yaliyobaki hatukuyaona sisi, kwa sababu muda wetu uliisha tukarudi seminari. Mwezi Machi katekista alitutumia picha ya darasa limeezekwa lote. Hatujui ni nani waliotoa yale tisa ya mwisho, na alipoulizwa alijibu tu, "Watu."

Wengi wetu tunaosoma hapa tutapelekwa kuhudumu mahali tusikozaliwa, kati ya watu ambao lugha yao ya nyumbani hatuijui. Tutazungumza sana juu ya utamadunisho, na ni vema. Sisi watatu tumejifunza kwamba ni rahisi kuanzia langoni, kwenye nyasi na ngoma, na kujiona tumemaliza. Siku hizi tukipewa jambo la kuandaa, tunaanza kwa kuuliza watu huja na nini mkononi, na tutakiweka wapi.